Wasiotazamiwa Kuomba

Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta watu ambao hakuna aliyetazamia kwamba wangekuja. Sikuyabuni mimi maneno hayo, yamo kwenye kanuni za serikali. Mwenye nyumba akijenga kwa fedha za umma, haruhusiwi kusimama mlangoni akawakaribisha majirani zake tu. Lazima ataje kwa maandishi ni watu gani ambao wakiliona tangazo lake watalipita wakidhani haliwahusu. Kisha awafuate huko huko waliko, kwenye magazeti yao, redio zao na makanisa yao, awaambie: hata ninyi.

Bosi wangu, Bwana Haverty, aliisoma kanuni hiyo kwa namna yake. Alikuwa amenunua kiwanda cha kofia kilichokufa zamani katika mji wa Saltmere, mji wa wazungu matajiri kando ya bahari, akapewa fedha za jimbo akigeuze kuwa fleti thelathini za kodi nafuu. Matangazo yake akayapeleka mahali patatu: maktaba ya Saltmere, gazeti la Saltmere, na klabu ya mashua za starehe ya Saltmere. Naapa. Klabu ya mashua. Mama mmoja wa serikali kule Hartford, makao makuu ya jimbo, akaurudisha mpango wake pamoja na barua ya mistari minne, na mstari wa mwisho uliuliza kama katika ofisi nzima hakuna mtu anayeijua njia ya kwenda Bridgeport.

Mimi niliijua. Kwa miaka sita nilikuwa nikijibu simu pale, mweusi peke yangu katika jengo zima, na kila jioni nilipanda basi kurudi Bridgeport, kwetu watu weusi, dakika ishirini na tano tu. Bwana Haverty akatoka na ile barua mkononi, akaniangalia kama mtu aliyekumbuka kwamba ana mwavuli.

"Vernell," akasema, "wewe unasali wapi?"

"Siku hizi? Kitandani kwangu, bosi."

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii."

Lakini nilikwishajua anachotaka. Ndivyo nilivyojikuta, Jumapili ya pili ya Juni mwaka wa tisini na saba, nimerudi Kanisa la Utakatifu la Bethsaida, mahali ambapo sikuwa nimekanyaga tangu talaka yangu, nikiwa na vipeperushi mia mbili vyenye ile alama ya haki sawa ya makazi, kinyumba chenye mistari miwili ndani. Mchungaji Pettiford akanipa dakika tatu za matangazo. Nilizungumza vizuri, nikasema mwenyewe moyoni, haya Vernell, hujasahau. Nikaeleza fleti, nikaeleza kodi, nikaeleza kwamba maombi yanapokelewa siku sitini na hakuna haja ya kukimbilia foleni. "Kwa sababu," nikasema kwa furaha, "washindi watapatikana kwa bahati nasibu."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akaifunga Biblia yake.

Ningepaswa kujua. Nimelelewa pale. Wale watu hawagusi karata, hawanunui tiketi ya bahati nasibu ya jimbo, hawaweki hata dau la soda kwenye mpira. Bibi yangu mwenyewe aliwahi kurudisha dukani bata mzinga aliyempata katika bahati nasibu ya Krismasi, akamwambia mwenye duka amwombe Mungu msamaha. Na mimi nimesimama mbele ya madhabahu nikiwatangazia bahati nasibu. Palikuwa na joto, kwa hiyo vipeperushi vyangu havikupotea bure, watu walijipepea navyo mpaka mwisho wa mahubiri. Kisha wakaviacha kwenye mabenchi. Nikapita nikiviokota kimoja kimoja, na waliobaki nyuma wakawa wananitazama kwa huruma, jambo linaloudhi kuliko kutukanwa.

Chini ya kanisa kulikuwa na chakula, kuku wa kukaanga na pai ya pichi, na mimi sijawahi kuwa na hasira ya kunizuia kula. Nilikuwa sijameza tonge la pili alipokuja Mama Ernestine Gaskins na gauni lake jeupe la akina mama wa kanisa, akavuta kiti mbele yangu. Alikuwa na miaka sabini. Nilikua mlango wa tatu kutoka kwake, na binti yake Arnetta ndiye niliyeruka naye kamba mpaka tukaota matiti tukaona aibu. Mama Gaskins mwenyewe tulimwona mwishoni mwa juma tu. Kuanzia Jumapili jioni hadi Jumamosi mchana aliishi Saltmere, kwa familia ya Thayer, akilea watoto wao watatu. Arnetta alilelewa na bibi yake.

"Miaka kumi na mmoja hujaja hapa," akaniambia. "Na siku unayokuja, unakuja na kamari."

"Si kamari, Mama. Hutozwi hata senti."

"Hata yule nyoka hakumtoza Hawa."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Akangoja nimalize kukohoa, akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo lisilomhusu, "Ni kile kiwanda cha kofia cha nyuma ya kanisa la mawe?"

"Hicho hicho."

"Mtu akiwa ghorofa ya juu ataiona bahari."

"Ataiona, Mama. Nimepanda mwenyewe."

Akaitazama sahani yangu. Halafu akanisimulia jambo ambalo kwa miaka yote ya kuishi mtaa mmoja sikuwahi kulisikia, wala Arnetta hakuwahi kuniambia.

"Unajua pwani ya Saltmere ina geti," alisema. "Wakazi tu. Mimi nilipita pale kila siku ya kiangazi na watoto wa Thayer, na kikapu cha chakula. Mlinzi alikuwa anaitwa Dunphy, mtu wa adabu, ananiinulia kofia. Basi Jumamosi moja, mwaka wa sitini na moja, nikasema leo nampeleka na wangu. Arnetta ana miaka sita. Nimemshonea nguo ya kuogelea ya njano, ameivaa chini ya gauni tangu asubuhi, anakataa kuivua hata ya kwenda chooni. Tukapanda basi. Tukafika getini, Dunphy akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza, 'Ernestine, watoto wako wako wapi leo?' Na mimi nimemshika Arnetta mkono, Vernell. Nimemshika mkono."

"Hukumwambia kwamba huyo ndiye mwanao?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Basi kawachukue na wale wa Thayer, mtaingia wote.'"

Nikaisukuma sahani yangu pembeni. Mama Gaskins akakunja leso yake mara nne.

"Sitaki kuogelea," akasema. "Sijui kuogelea. Nataka nikae mji ule na mwanangu, mahali nilipokaa na watoto wa watu. Nataka niamke niseme, Arnetta, chai tayari. Ni hilo tu. Miaka thelathini na minne nimewaamsha wale, na baadaye watoto wao. Wangu alikuwa akiamshwa na mama yangu, naye mama yangu alikuwa mkali."

"Basi jaza fomu, Mama."

"Na kamari?"

Nikamweleza taratibu kwa nini kuna kura. Kwamba zamani fleti za aina hii zilitolewa kwa aliyetangulia kufika, na aliyetangulia siku zote alikuwa ni yule anayekaa karibu na mlango, na anayekaa karibu na mlango wa Saltmere sote tunamjua. Kura haijui nani anakaa wapi. Alisikiliza, lakini hakuonekana kuamini. Mchungaji Pettiford alikuwa akipita na sahani yake, akatusikia, akainama akasema hata mitume walipopungukiwa na mmoja walipiga kura.

"Mitume walikuwa wanatafuta mtu wa kazi, Mchungaji," Mama Gaskins akajibu. "Hawakuwa wanatafuta fleti yenye mashine ya kufulia."

"Mama, Yuda aliacha nafasi," akasema mchungaji. "Nafasi ni nafasi."

Jumapili iliyofuata alipanda mimbarini akalisema hilo hilo kwa sauti kubwa, akaongeza mengine, na vipeperushi vyangu vikaisha. Watu arobaini na watatu wa Bethsaida waliomba. Bwana Haverty alipoziona bahasha zenye anwani za Bridgeport alinipongeza kwa kunipiga bega, halafu akauliza kama watu wa klabu ya mashua nao wamepata nafasi ya kuomba. Nikamwambia wale hawahitaji kutafutwa, bosi, wanajulikana walipo.

Mama Gaskins alikuja siku ya mwisho. Angeweza kutumia posta, nilimwambia mara mbili, lakini alipanda lile basi lake la zamani akaja na kofia na glavu mpaka ofisini kwangu. Akakaa, akatoa miwani, akaanza kujaza mbele yangu kwa mwandiko wa kishule. Mimi nilikuwa nikigonga mihuri. Alipofika penye idadi ya watu watakaoishi katika fleti, hakusita hata kidogo. Akaandika mbili. Jina la kwanza lake, jina la pili Arnetta Gaskins Boykin, binti. Akaweka alama penye fleti ya vyumba viwili.

Sasa, Arnetta alikuwa Atlanta tangu ana miaka kumi na minane. Ana mume, ana kazi ya ualimu, ana watoto wawili chuoni. Nilijua. Na Mama Gaskins alijua kwamba ninajua.

"Arnetta anakuja?" nikauliza, huku nimeshika muhuri juu.

"Nitamwandikia."

"Kwa hiyo hajasema."

"Nimekwambia nitamwandikia, Vernell."

Ningeweza kusema jambo pale. Ningeweza kumwambia: Mama, hii ni karatasi ya serikali, andika moja, uombe chumba kimoja, kesi iishe. Katika hatua ile sahihi ya mwombaji mkuu tu ndiyo ilihitajika, sahihi za wengine zingekuja baadaye kwa watakaopata. Baadaye ni mbali, nikajiambia. Na uso wake ulikuwa umenyooka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, sikuwa na moyo wa kuukunja tena. Nikagonga muhuri. Kosa hilo ni langu na sijawahi kumsukumia mtu mwingine.

Kura ilipigwa Agosti katika ukumbi wa mji, mchana kweupe, mama wa Hartford akiwa ameketi mstari wa mbele na daftari. Mkutubi wa Saltmere ndiye aliyeingiza mkono kwenye pipa la majina. Mama Gaskins hakuja. Alisema kuomba ameomba, lakini kutazama hatatazama, kila mtu ana mpaka wake. Fleti za vyumba viwili zilikuwa kumi, na waliziomba watu mia na sita. Jina lake lilitoka la nne.

Nilikimbilia simu ya ofisi ya karani.

"La nne," nikamwambia. "Mama, la nne kati ya kumi. Umepata."

Nilisikia redio yake ikiimba nyuma.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Sema tena, na useme polepole, nimeketi sasa."

Wiki ile alikuwa kama bibi harusi. Alinipigia simu ofisini kuuliza madirisha yana upana gani. Akauliza kama chumba kidogo kinapata jua la asubuhi, kwa maana Arnetta alipokuwa mtoto alikuwa hapendi kuamka gizani. Akakata kitambaa cha mapazia, na shuka za kitanda cha pili akazifua akazipiga pasi, ingawa kitanda chenyewe hakuwa nacho. Kila niliposema neno "sahihi" alisema ameshatuma Atlanta, inakuja, subira huvuta heri. Mimi nikasema ndiyo, Mama, na ndani nilikuwa nawaza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Washindi walipewa siku kumi tu za kuleta sahihi zote. Siku ya nane Bwana Haverty akaweka faili la Mama Gaskins mezani kwangu bila kusema neno, akarudi ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa faili.

Nikapiga Atlanta mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana.

"Vernell?" Arnetta akasema. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Wewe hupigi simu mpaka mtu afe."

"Nimebadilika. Nimeanza kusali tena."

"Mwongo mkubwa." Tukacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliowahi kuruka kamba pamoja. Halafu akaacha kucheka. "Unapiga kwa ajili ya ile fomu."

"Umeipata, basi."

"Iko juu ya friji. Ameweka msalaba penye kutia sahihi, na bahasha yenye stempu. Hakuna barua, Vernell. Hakuna hata 'hujambo'. Msalaba tu, kama mimi ni mtu wa kumletea gesi."

"Anakutaka, Arnetta. Hajui kuandika hivyo, lakini ndicho alichoandika."

"Ananitaka Saltmere." Alilitaja jina la mji kama mtu anayetema mbegu. "Nina nyumba hapa. Ina chumba chake, kina choo chake, miaka minane kinamngoja. Namwambia njoo, anasema Atlanta hakuna bahari. Mama yangu haogelei! Anataka bahari ya kufanyia nini?"

Nikatafuta jambo la hekima la kusema, nikaokota lililokuwa karibu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Arnetta."

"Na uchungu wa mama, anaujua nani?" Nilimsikia akivuta kiti. "Amekusimulia habari ya geti?"

"Amenisimulia."

"Amekusimulia na ya Jumatatu?"

"Jumatatu ipi?"

"Tulifukuzwa Jumamosi. Jumapili akarudi kazini. Jumatatu joto likazidi, nakumbuka, bibi alinikalisha kwenye beseni la maji uani. Na yeye Jumatatu hiyo aliwachukua wale watoto watatu akawapeleka pwani, akapita geti lile lile, mbele ya mtu yule yule. Aliporudi nyumbani Jumamosi iliyofuata, mchanga ulikuwa ndani ya viatu vyake. Mimi ndiye niliyevikung'uta. Nilikuwa na miaka sita, Vernell, nikavikung'utia kwenye ngazi, na mchanga ulikuwa mwingi."

Nikalisogeza faili pembeni.

"Simlaumu," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imelegea. "Nimekua, nimelea, najua kazi ni nini. Asingekwenda wangemwachisha kazi, tungekula nini? Nampenda mama yangu. Kesho akisema anakuja, namtumia tiketi leo. Lakini jina langu lisiandikwe mji ule. Mwambie. Hapana, usimwambie ya mchanga. Mwambie tu kwamba siwezi."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama Gaskins. Nilibeba fomu nyingine kwenye mkoba, ya orodha ya kungojea, kwa maana hiyo ndiyo njia iliyobaki na niliona heri nimletee mwenyewe kuliko aipate kwenye posta. Alinifungulia mlango kabla sijagonga. Jikoni mapazia yalikuwa yamekunjwa juu ya meza, yameshonwa yote, na yeye akakaa nyuma yake mikono ikiwa mapajani.

"Hatii sahihi," akasema.

"Hatii, Mama. Nimeongea naye."

"Amekwambia habari ya mchanga."

Nilitaka kukana. Nilipomtazama usoni nikaona hakuna faida. "Alisema nisikwambie."

"Mimi nilikuwa mlangoni siku ile," akasema. "Nilimwona akivikung'uta. Mtoto mdogo, amekaza uso, anakung'uta kimoja, anakung'uta cha pili, anavipanga vizuri kwenye ngazi visigusane na mchanga. Sikutoka. Ningetoka ningemwambia nini? Nikarudi jikoni nikakaanga samaki." Akapitisha kiganja juu ya mapazia. "Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria mahali pa kumwambia. Nikasema siku moja tutakuwa pale pale, mimi na yeye, wakazi, halafu nitamwambia. Ndiyo maana niliandika mbili."

"Najua, Mama."

"Serikali itasema nilidanganya?"

"Haitasema hivyo. Nitaandika kwamba hali ya familia imebadilika."

"Haikubadilika," akasema. "Lakini sikudanganya, Vernell. Nilitumaini. Ile karatasi ndiyo haina mahali pa hayo."

Nililia. Naeleza kama ilivyokuwa: nililia jikoni kwa watu, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na aliyefiwa na tumaini ndiye aliyenyanyuka akanipa kitambaa cha kujifuta. Nikamwomba msamaha kwa ule muhuri. Akasema muhuri ulikuwa kazi yangu, na kama ningeukataa angeniona mshenzi.

Kisha nikamweleza yaliyobaki. Fleti ya vyumba viwili inatolewa kwa watu wawili au zaidi, kwa hiyo ile imekwenda kwa wa kumi na moja. Za chumba kimoja zimejaa. Anaweza kuingia kwenye orodha ya kungojea ya chumba kimoja, lakini kwa kuwa hakuwemo kwenye kura ya chumba kimoja, ataingia mwishoni.

"Mwisho ni wa ngapi?"

"Wa themanini na tano, Mama."

"Watu wa pale huhama?"

"Mara chache."

"Nilidhani hivyo. Mimi mwenyewe nisingehama." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa fomu. Akavaa miwani, akaandika jina lake, mtaa wake, tarehe yake ya kuzaliwa, kwa ule mwandiko wake wa shule. Alipofika penye idadi ya watu watakaoishi katika fleti, kalamu ikasimama. Nikatazama dirishani ili nisimtazame yeye. Nje mtu alikuwa akiosha gari, na maji yalikuwa yakiteremka mtaani.

"Mgeni anaruhusiwa?" akauliza.

"Anaruhusiwa."

"Kulala?"

"Kulala, ndiyo. Lakini kuna mpaka, Mama. Siku kumi na nne kwa mwaka, hazizidi. Imeandikwa kwenye mkataba."

"Kumi na nne mfululizo? Au moja moja?"

"Hata mfululizo."

Akafikiri. Midomo yake ilikuwa ikitembea kama mtu anayehesabu miaka kurudi nyuma.

"Ni nyingi," akasema. "Tangu nilipomwachisha ziwa, sijawahi kukaa naye siku kumi na nne mfululizo."

Halafu akainama akaandika moja.